Bunduki Haiwezi Kuendesha Duka

Mazungumzo yetu ya leo tunayaelekeza hasa kwa askari wa jeshi na wa polisi, walioko kambini, vituoni, mipakani na kwenye vizuizi vya barabarani. Tunataka kuzungumza juu ya mtu asiyevaa sare, asiyebeba bunduki, na ambaye jina lake halimo katika vitabu vya historia. Mtu huyo ni mwenye duka wa mji mdogo. Tutaeleza jinsi alivyozaliwa, alivyoishi na alivyokufa katika miji ya Arua na Koboko, huko West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi yetu Uganda. Kisha tutajiuliza ni nani aliyemwua, na ni nani aliyelipa gharama za mazishi yake.

Huenda askari mmoja akauliza: "Mambo ya chumvi na sabuni yananihusu nini mimi? Kazi yangu ni ulinzi." Hilo ni swali la haki, na mazungumzo haya ndiyo jibu lake.

Tuanze na mwanzo. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha kituo chake cha utawala hapo Arua. Kabla ya hapo sehemu ile ilikuwa katika eneo la Lado, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Baada yake lilipita kwa watawala wa Sudan, na mwishowe sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Bendera ilipokwisha kupandishwa, mwenye duka hakukawia. Njia yake ilikwisha kufyekwa na waliomtangulia. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch huko India, alifika pwani ya Afrika Mashariki angali mtoto. Alianza kazi Bagamoyo, akafuata njia za misafara, kisha akafuata reli, na hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa amefungua maduka mengi katika nchi zetu hizi, mengine yakiwa Nimule na Gondokoro, juu kabisa kwenye mto Nile. Wahindi wengi waliokwenda kuanzisha biashara katika miji midogo ya Uganda walikanyaga nyayo zake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na baraza mbele. Barazani aliketi fundi na cherehani yake. Ndani kulikuwa na meza, mizani, magunia ya chumvi na sukari, mafuta ya taa, viberiti, sabuni, majembe, mablanketi na majora ya kitambaa. Nyuma ya duka ndipo ilipolala jamaa nzima. Mwenye duka alifungua mlango alfajiri na kuufunga usiku, na baada ya miaka michache alijua bei ya kila kitu kwa lugha ya kila mteja.

Lakini, ndugu wasikilizaji, mali ile iliyoonekana kwa macho ilikuwa sehemu ndogo tu ya duka. Sehemu kubwa ilikuwa haionekani. Tazameni jinsi gunia moja la sukari lilivyosafiri. Sukari ilitoka viwanda vya Kakira na Lugazi. Katika zama za meli, mizigo ilivuka Ziwa Albert kutoka Butiaba na kushuka na Nile hadi Rhino Camp. Baadaye, reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, ilishushwa hapo na kupakiwa katika malori hadi Arua, na kutoka Arua kwenda Koboko, mwendo wa kilomita hamsini na kitu. Katika safari yote hiyo, fedha taslimu zilikuwa chache mno. Mwenye kiwanda alimwamini mfanyabiashara wa jumla wa Kampala. Wa jumla alimwamini mwenye duka wa Arua. Naye wa Arua alimwamini yule wa Koboko. Na wa Koboko alimwamini mkulima, akamkopesha jembe na blanketi mpaka tumbaku au pamba yake iuzwe.

Tena alimwamini mke wa askari. West Nile ilitoa askari wengi kwa jeshi la King's African Rifles, na ilitoa vibarua wengi kwa mashamba ya miwa na pamba ya kusini. Wanaume hao walikuwa mbali, na mishahara yao ilifika nyumbani kwa kuchelewa. Katika kipindi hicho cha kungoja, watoto walikula kwa daftari la mwenye duka. Daftari hilo la madeni, lenye jalada lililochakaa na kurasa zilizojaa mafuta ya taa, lilikuwa na thamani kuliko vitu vyote vilivyokuwa rafuni, kwa maana ndani yake mliandikwa imani ya watu wa mji mzima.

Hata hivyo, tusimpambe mwenye duka huyo kupita kiasi. Utawala wa kikoloni ulimpendelea, na ulimzuia Mwafrika asiingie katika biashara ya jumla wala katika uchambuaji wa pamba. Mkulima alipouza pamba yake alipunjwa, na aliponunua kitambaa alipunjwa tena. Ndiyo maana mwaka 1959 watu wa Buganda waligomea maduka ya Wahindi. Ndiyo maana wakulima walianzisha vyama vya ushirika. Na ndiyo maana mwaka 1969 serikali ilipitisha sheria ya leseni za biashara ili kumpa raia wa Uganda nafasi zaidi. Dai la Mwafrika kutaka kushika biashara ya nchi yake lilikuwa dai la haki, na mtu yeyote anayelikana ama ameisahau historia ama hakuisoma.

Sasa tunafika mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Jenerali Idi Amin, ambaye alikuwa ametwaa serikali kwa nguvu Januari 1971, na ambaye asili ya baba yake ni Wakakwa wa Koboko, alisimama mbele ya askari huko Tororo na kutangaza kwamba Wahindi lazima waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Amri hiyo iliitwa vita vya uchumi. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka na fedha kidogo sana mifukoni, na miongoni mwao walikuwamo raia halali ambao vyeti vyao vya uraia vilikataliwa papo hapo. Uingereza peke yake ilipokea karibu watu 28,000. Mwezi Novemba ulipofika, milango ya maduka katika miji yetu yote ilikuwa imefungwa, na funguo zilikuwa mikononi mwa serikali.

Je, funguo hizo walipewa nani? Hapa ndipo pawahusupo ninyi, ndugu askari. Kamati zilizogawa maduka hayo ziliongozwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa jeshi, na waliogawiwa walikuwa hasa maofisa wenyewe, jamaa zao na marafiki wa wakubwa. Biashara, viwanda na mashamba zaidi ya 5,000 viligawanywa kwa namna hiyo nchini kote. Wananchi waliwapa wenye maduka hao wapya jina ambalo halijasahaulika mpaka leo. Waliwaita "mafuta mingi". Mwalimu wa Kiswahili angelisahihisha jina hilo na kuandika "mafuta mengi", lakini wananchi walilitamka kwa Kiswahili cha kambini, wakijua vema ni wapi mafuta hayo yalikotoka.

Mwenye duka wa pili, basi, alikuwa mtu mwenye bunduki au mtu aliyesimama nyuma ya mwenye bunduki. Alipofungua mlango alikuta rafu zimejaa. Akauza. Siku hizo watu walidhani kuwa utajiri umeshuka. Rafu zilipokwisha, alipeleka lori Kampala kuchukua mali nyingine, na huko akaambiwa kwamba sharti alipe kwanza. Yule wa jumla aliyemwamini mwenye duka wa zamani hakuwapo tena, naye mpya hakumwamini mtu. Alilitafuta daftari la madeni, akaona majina tu. Hakujua huyo aliyeandikwa hapo ni mkulima wa wapi, wala kama ni mtu wa kulipa. Bunduki ilikuwa imemtwalia chumba, bati, meza na mizani. Imani haikutwaliwa, kwa kuwa imani haitwaliki.

Matokeo yake yalionekana upesi. Viwanda vilikosa wasimamizi, vipuri na fedha za kigeni. Uganda, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 140,000 za sukari kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoa tani elfu chache tu kufikia mwaka 1980. Nchi yenye jua, mvua na ardhi ya miwa ikakosa sukari ya chai! Chumvi ikafichwa. Sabuni ikawa kitu cha anasa. Bei zikapanda kila wiki, na neno "magendo" likawa jina la uchumi mzima.

Serikali ya Amin ilitafuta dawa ya ugonjwa huo mahali pale pale ulipotoka. Mwaka 1975 iliunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kumhukumu mlanguzi apigwe risasi. Mfanyabiashara mdogo aliyeuza sabuni kwa bei iliyozidi ile ya serikali aliweza kujikuta mbele ya maofisa, ilhali wakubwa waliokuwa wakivusha kahawa kwa malori walipita mipakani bila kuulizwa. Lakini bei haiogopi risasi. Ukiitishia bei bunduki, mali hujificha, na inapotoka mafichoni huwa ghali maradufu.

Sasa askari wa kawaida yeye alipata nini katika mapato hayo yote? Hili ni jambo ambalo husahauliwa. Koplo wa kambini hakugawiwa duka. Alipewa foleni. Mshahara wake ulibaki kuwa namba kwenye karatasi, maana ulipofika ulinunua nusu ya kile ulichonunua zamani, na mwaka uliofuata ulinunua nusu ya nusu hiyo. Mke wake, aliyekuwa akikopa chumvi kwa daftari, sasa alisimama juani na chupa tupu mkononi. Na pale Koboko, ambako watu wa mbali walidhani kila nyumba imejaa mali kwa sababu Rais anatoka huko, wakulima waliendelea kuwa wakulima na maskini walibaki maskini. Uvumi wa utajiri uliwafikia wote, lakini utajiri wenyewe uliishia kwa wachache. Uvumi huo ulikuja kugharimu damu, kama tutakavyoona.

Mwezi Oktoba 1978 Amin aliivamia Tanzania huko Kagera. Vita vilipogeuka, Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika West Nile hadi mpakani. Wazee wa Arua huwakumbuka askari hao wa 1979 kwa nidhamu. Wale waliotaka kulipiza kisasi juu ya watu wa huko walizuiwa, na mji ulipokelewa bila machinjo makubwa. Mwenye duka aliyefunga mlango kwa hofu aliweza kuufungua tena. Jambo hili halina budi kuwekwa katika kumbukumbu za kila jeshi: inawezekana kuingia katika mji wa adui na kuacha raia wake hai.

Wakati huo mwenye duka wa tatu alikuwa amekwisha kutokea. Huyu hakugawiwa kitu mwaka 1972. Alikuwa Mlugbara, au Mkakwa, au Mnubi, au Mwaringa, au Mmadi, aliyeanza na meza ya mbao sokoni, akauza viberiti na vitunguu, akanunua baiskeli, akapata kibanda. Yeye ndiye aliyekuwa jibu la kweli kwa lile dai la haki tulilolitaja, yaani Mwafrika aliyeipata biashara kwa jasho lake na kuaminiwa na majirani zake. Angeachwa miaka ishirini, angejenga mji.

Hakuachwa. Mapema Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la Amin yaliyokuwa yamekimbilia Sudan na Zaire yalivuka mpaka, yakaishambulia Koboko, kisha yakaingia Arua. Jeshi la serikali mpya ya Uganda, UNLA, lilipojibu mashambulizi hayo, wengi katika safu zake walikuwa wanamgambo waliokuja na hasira ya miaka minane ya mateso waliyotendewa watu wao chini ya Amin. Hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini waasi walikuwa wamekwisha kurudi msituni, na waliobaki mbele ya hasira walikuwa raia. Kila mtu wa West Nile alihesabiwa kuwa mtu wa Amin. Maduka yalivunjwa, mabati yakang'olewa, milango ikabebwa, nyumba zikachomwa moto, watu wakauawa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Zaire na kusini mwa Sudan, wengine wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, basi.

Msiba huo haukuishia hapo. Baada ya majeshi ya Tanzania kuondoka Uganda, tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, mahali ambapo maelfu ya watu wasio na silaha walikuwa wamejihifadhi. Waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, wanaume, wanawake na watoto. Mpaka leo tarehe hiyo hukumbukwa huko kwa sala na majonzi.

Ndivyo alivyokufa mwenye duka wa Arua na Koboko. Mwaka 1972 alifukuzwa wa kwanza, na katika muda wa miaka saba wa pili alianguka pamoja na bunduki iliyompa duka. Wa tatu aliuawa, au alikimbia akaacha kila kitu. Mara ya kwanza askari waliambiwa kwamba wanamwondoa mnyonyaji. Mara ya mwisho waliambiwa kwamba wanamwadhibu adui. Maneno yalibadilika, lakini mlango uliovunjwa ulikuwa ule ule.

Na nani aliyelipa gharama za mazishi? Raia alilipa kwanza. Lakini hata askari aliyebeba bati la nyumba ya mtu hakutajirika kwalo. Mji aliouvunja ndio ambao ungemuuzia chakula. Barabara iliyokufa kwa kukosa malori ndiyo ambayo ingemletea mshahara na dawa. Wale waliokimbia wakiwa wakulima na wachuuzi, baadhi ya vijana wao walirudi wakiwa wapiganaji, na askari wengi wakafia katika vita ambavyo wizi wa Oktoba 1980 uliviongezea moto. Amin mwenyewe, aliyeanzisha mchezo huo, alikwenda kuishi uhamishoni na kufia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003.

Ndugu wasikilizaji, tungeweza kuishia kwenye makaburi. Lakini kisa hiki kina mwenye duka wa nne, naye ndiye anayestahili kusikilizwa zaidi.

Huyu alizaliwa upya ng'ambo ya mpaka. Katika makambi ya wakimbizi, na katika masoko ya Zaire kama Ariwara, watu wa West Nile walianza tena na kile walichokuwa nacho. Aliyekuwa na kilo mbili za chumvi aliziuza kwa vijiko. Aliyejua njia za vichochoroni alibeba sabuni kichwani. Walikopeshana kwa ndimi, bila daftari, kwa sababu walifahamiana tangu nyumbani. Utawala ulipobadilika Januari 1986, na vita vya kusini mwa Sudan vilipozidi kuwabana huko walikokimbilia, walianza kurudi kwa wingi katika miaka iliyofuata. Walikuta magofu. Walikata nyasi, wakaezeka, wakaweka meza ya mbao pale ilipokuwa kaunta ya zamani.

Hawakupata raha mara moja. Katikati ya miaka ya 1990 vikundi vya waasi vilivuruga tena West Nile, na barabara ya Karuma hadi Pakwach ikawa njia ya kufia. Malori ya bidhaa yalisafiri kwa msafara, yakilindwa na askari. Wapo askari waliokufa katika ulinzi huo, na kwa sababu yao chumvi iliendelea kufika Arua. Majina yao nayo hayajulikani sana, kama ya wenye maduka waliowalinda. Tarehe 24 Desemba 2002 kundi la UNRF la pili lilitia sahihi mapatano ya amani na serikali huko Yumbe, na bunduki zikanyamaza.

Yaliyofuata mnayajua ninyi mliowahi kutumikia huko. Koboko, iliyo karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, ilifanywa wilaya mwaka 2005. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, kilomita 92, imetiwa lami. Arua ilifanywa jiji Julai 2020. Na vita vya Sudan Kusini vilipopamba moto tena mwaka 2016, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia upande wetu, wakapokewa Bidi Bidi na makazi mengine na watu wale wale waliowahi kupokewa Sudan. Mahema yalipojengwa, mwenye duka mdogo alikuwa tayari hapo na sabuni yake, chumvi yake, na daftari jipya.

Sasa tuseme yale yanayowapasa askari wa leo.

Kwanza, askari anapochukua kitu dukani na kusema "nitalipa mwisho wa mwezi", amlipe mwenyewe mwisho wa mwezi huo. Deni la raia kwa raia hudaiwa, lakini deni la mwenye sare linaogopwa kudaiwa, na kwa hiyo hugeuka kuwa unyang'anyi bila mtu kunyanyua mkono. Mwenye duka hatasema neno. Ataongeza bei tu, ili walipao wafidie wasiolipa, na atakayelipa zaidi huenda akawa mke wa askari mwenziwe.

Pili, kuna magendo mipakani, na sheria ni lazima ifuatwe. Arua iliwahi kuwa na vijana waliojulikana nchini kote kwa jina la OPEC Boys, waliouza petroli ya madumu iliyovushwa kutoka Kongo. Wengi wao walikuwa watoto wa miaka ile ya ukimbizi. Hatusemi kwamba askari afumbe macho. Tunasema kwamba mali iliyokamatwa kwa sheria huandikiwa stakabadhi na kupelekwa inakostahili. Mali iliyokamatwa bila stakabadhi, ikaishia nyumbani kwa aliyekamata, ni mali iliyoibwa, hata kama mwizi ana cheo na nambari ya kazi.

Tatu, kizuizi cha barabarani kimewekwa ili kumzuia mhalifu. Kikigeuzwa kuwa duka la kuuzia njia, hapo hapo adui amekwisha kupata faida. Lori linalotozwa fedha katika vizuizi vitano huleta sukari ya bei ya vizuizi vitano. Na adui mwenye fedha hupita kwenye kizuizi cha namna hiyo kwa urahisi kuliko muuza vitunguu.

Nne, na hili ndilo kubwa, askari asikubali kuambiwa kwamba watu wa mji mzima ni adui kwa sababu ya kabila lao, dini yao, au kwa sababu mtu fulani mkubwa alitoka kwao. Mwaka 1972 neno lilikuwa "Mhindi". Mwaka 1980 neno lilikuwa "mtu wa Amin". Kesho huenda likawa neno jingine, nalo litatamkwa na mtu anayetazama rafu zilizojaa. Askari anapolisikia neno hilo na ajiulize: je, huyu anataka nipigane, au anataka nimfungulie duka la mtu?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumeona huko West Nile kwamba hata daftari huisha, mji nao huisha, ikiwa mwenye bunduki hakujua mpaka wa kazi yake. Askari ndiye amepewa na taifa uwezo wa kuvunja mlango wowote. Heshima yake imo katika milango ambayo angeweza kuivunja, lakini aliipita, ikabaki imefungwa kwa kufuli dogo, na mwenyewe akaifungua asubuhi.

Leo jioni, katika barabara za Arua na Koboko, wenye maduka wanahesabu mauzo ya siku kwa mwanga wa taa. Wengine wana duka la matofali, wengine wana meza na mwavuli. Hawana jeshi lao. Wana ninyi.